Spika Zinazokoroma Benaco: Tunanunua Sauti au Tunanunua Namba?

Leo naomba tuweke siasa pembeni tuzungumzie sauti. Si sauti ya umma, hiyo tutaizungumza siku nyingine. Nazungumzia sauti hii hii inayotoka kwenye spika.

Ukishuka kwenye gari pale Benaco, kata ya Kasulo, wilayani Ngara, masikio yako yanapokelewa kabla ya mizigo yako. Baa inapiga bolingo, duka la simu linapiga Bongo Fleva, jirani yake anapiga kwaya, na muuza dawa ya panya ana kipaza sauti kinachorudia maneno yale yale tangu asubuhi. Kila mmoja kafungua mpaka mwisho, na spika nyingi zinakoroma. Ukiuliza kwa nini spika inakoroma, jibu ni lile lile: ni ndogo, inatakiwa kubwa zaidi. Zinachangwa fedha, inanunuliwa kubwa zaidi, nayo baada ya miezi sita inakoroma.

Duniani kote wapenzi wa muziki wanabishana juu ya mambo mawili. La kwanza ni upotoshaji wa sauti, ule unaopimwa na mashine na kuandikwa kwa asilimia. La pili ni mitetemo: je, kuizuia isifike kwenye vyombo kunabadilisha sauti? Wako wanaoapa kwamba namba ndiyo kila kitu. Wako wanaoapa kwamba namba ni uongo na sikio ndilo hakimu. Mimi nasema mambo yote mawili yana athari, lakini mahali fulani na kwa kiwango fulani tu. Tatizo letu ni kwamba fedha tunazitoa mahali pasipo na athari, na pale penye athari tunapapita kama hatupaoni. Anayelipia ni muumini aliyechanga kwa ajili ya vyombo vya kanisa, mwenye baa aliyekopa, na kijana anayeuza duka akiwa amekaa mita moja kutoka kwenye spika kuanzia asubuhi hadi usiku.

Kasulo ni mahali pazuri pa kuanzia mjadala huu. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 waliingia kutoka Rwanda kupitia Rusumo ndani ya takriban saa 24, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera hapo hapo Ngara. Kwizera maana yake ni kuamini, kutumaini. Redio ile ilikuwa ikisikilizwa na watu waliopotezana na ndugu zao na wenyeji waliokuwa wakiishi nao. Sasa fikiria chombo cha kusikilizia: redio ndogo ya betri, spika yake upana wa kiganja, besi hakuna. Ukiipima kwenye maabara itakupa asilimia kadhaa za upotoshaji ukiongeza sauti. Lakini neno lilifika! Sababu ni kwamba maneno ya binadamu yanabebwa zaidi na masafa ya katikati. Simu ya kawaida ya zamani ilipitisha kati ya Hz 300 na 3,400 tu, na watu waliposa, wakauza ng'ombe na kupeana habari za msiba kwa simu hiyo hiyo. Kumbe sauti inaweza kuwa mbaya kwa vipimo na bado ikafanya kazi yake. Na inaweza kuwa na wati nyingi ikashindwa.

Haya, upotoshaji ni nini? Mfikirie mkalimani wa mkutano. Mgeni anasema sentensi moja, mkalimani anaitafsiri vizuri lakini anaongeza na yake mawili matatu. Amplifaya na spika hufanya hivyo hivyo. Ukiiingizia sauti moja safi ya Hz 1,000, inakurudishia Hz 1,000 pamoja na nyingine ndogo ndogo za 2,000, 3,000, 4,000 na kuendelea, ambazo hukuziomba. Fundi anajumlisha hizo za ziada, anazilinganisha na ile ya asili, anapata asilimia. Ikiandikwa asilimia 0.1 maana yake nyongeza ni sehemu moja katika elfu.

Katika hilo wenye namba wana haki yao. Bila kupima, tungekuwa bado tunabahatisha. Mwaka 1927 mhandisi wa Marekani Harold Black, akiwa kwenye kivuko akielekea kazini, aliwaza njia ya kuichukua sehemu ya sauti inayotoka kwenye amplifaya na kuirudisha ndani ili ijisahihishe. Njia hiyo imo katika karibu kila amplifaya tuliyo nayo leo, na isingewezekana kujua kama inafaa bila kipimo.

Tatizo likaja pale namba ilipogeuka kuwa biashara. Miaka ya 1970 watengenezaji, hasa wa Japani, walishindana kuandika sifuri nyingi: 0.1, mara 0.01, mara 0.001. Lakini tayari mwaka 1970 mhandisi wa Finland, Matti Otala, alikuwa ameonyesha kwamba amplifaya inaweza kupata alama nzuri kwenye sauti tulivu ya kipimo halafu ikajikwaa pale sauti inapobadilika ghafla, kama ngoma inavyopigwa. Yaani mwanafunzi amekariri mtihani.

Tena namba moja haisemi ni nyongeza ya aina gani. Ile ya pili, yaani 2,000 juu ya 1,000, ni noti ile ile ngazi moja juu, na sikio huipokea kwa ukarimu. Zile za saba na tisa zinachoma. Kuna upotoshaji mwingine unaotokea pale transista mbili zinapopokezana mzigo, na huo unasikika zaidi muziki ukiwa mdogo, hata kama asilimia yake inaonekana haina maana. Kwa hiyo mashine mbili zenye namba moja zinaweza kusikika tofauti, na mashine yenye namba kubwa ikapendwa kuliko yenye namba ndogo. Wanaosema namba haitoshi hawajakosea.

Wanapokosea ni pale wanaporuka kutoka hapo na kusema basi vipimo vyote ni upuuzi, masikio yangu yanatosha. Masikio yana udhaifu wake. Ukinipigia wimbo mmoja mara mbili, mara ya pili ukiongeza desibeli moja tu, nitakuambia ya pili ni bora, ina uhai zaidi, bila kugundua kwamba imeongezwa sauti. Ukinionyesha na bei ndiyo kabisa. Ndiyo maana watafiti waliamua kusikiliza bila kujua ni chombo gani kinapiga. Mwaka 1978 jarida la Wireless World la Uingereza lilichapisha jaribio la amplifaya tatu za Quad, moja ya valvu ya miaka ya 1950 na mbili za transista, na wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha. Januari 1987 Stereo Review la Marekani likafanya lake kwa mashine za bei za chini hadi za maelfu ya dola. Matokeo yakawa yale yale: bei ilipofichwa na sauti ikasawazishwa, tofauti iliyoapiwa haikuonekana.

Jaribio hilo unaweza kulifanya sebuleni. Chukua amplifaya mbili, sawazisha sauti, funika kwa khanga, rafiki abadilishe kwa kurusha shilingi, wewe taja ni ipi. Fanya mara kumi. Kwa kubahatisha tu utapata kama tano. Ukipata tisa au kumi, hapo una hoja, maana kwa bahati tupu hilo hutokea kama mara moja katika majaribio mia. Ukipata sita, rudisha pochi mfukoni.

Sasa turudi kwenye spika zinazokoroma. Pale hatuzungumzii asilimia 0.01. Tunazungumzia sauti iliyokatwa kichwa. Kila amplifaya ina dari yake ya umeme. Wimbi la sauti likitaka kupanda juu ya dari hiyo, linakatwa, lile la mviringo linakuwa bapa, na upotoshaji unaruka hadi asilimia kumi na zaidi. Hiyo hata bibi asiyejua spika ni nini anaisikia. Umeme ukishuka, dari ya amplifaya nyingi za kawaida nayo inashuka, na koroma inaanza mapema zaidi. Na zile nyongeza za sauti nyembamba zinapeleka moto kwenye spika ndogo ya juu mpaka inaungua, ndipo inasemekana kwamba spika ilikuwa feki.

Je, dawa ni wati nyingi zaidi? Hapa hesabu inatuumbua. Ukitoka wati 100 ukaenda 200, unaongeza desibeli 3 tu, ambazo mtu wa kawaida atasema "mmh, imeongezeka kidogo". Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati 1,000. Mara kumi! Sasa linganisha na maandishi ya kwenye maboksi madukani: wati 5,000, wati 8,000, kwa herufi za moto, na pembeni herufi PMPO. Hicho si kipimo cha kazi, ni tangazo. Geuza sabufa hiyo nyuma usome kibandiko cha umeme. Ukikuta inakula wati 60, haiwezi kutoa zaidi ya wati 60 mfululizo hata ukiiombea. Anayekula sahani moja hawezi kugawa sahani themanini. Namba inayofaa kuuliza ni wati za RMS, na spika inatoa desibeli ngapi kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Spika inayotoa desibeli 97 ikilishwa wati 50 inasikika sawa na inayotoa 87 iliyolishwa wati 500. Swali hilo la pili sijawahi kusikia mteja akiliuliza dukani.

Na mitetemo? Ulaya na Marekani kuna watu wanaonunua vigingi vya chuma, meza za mawe na vikanyagio vya mpira vya kuweka chini ya amplifaya, kwa bei ambayo Ngara ungepata ng'ombe na ndama wake. Wanasema besi inakaza na sauti inasafika. Kabla hatujacheka tujiulize swali moja: ndani ya chombo hicho kuna kitu kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, au umeme kuwa mtikisiko? Kama kipo, mtetemo ni jambo la kweli. Kama hakipo, fedha yako imekwenda kwenye samani.

Santuri kinacho. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, sauti yake ilihifadhiwa kama mawimbi madogo kwenye mfereji wa sahani, na sindano inayoupitia haina akili ya kutofautisha mtikisiko wa mfereji na mtikisiko wa sakafu. Weka sahani inazunguka juu ya spika ya besi utasikia ngurumo inayojilisha yenyewe. Maiki nayo inacho, gonga stendi yake usikie. Valvu inacho, ukiigonga kwa kalamu baadhi hulia kama kengele. Lakini simu inayopiga muziki kutoka kwenye kumbukumbu yake, au amplifaya ya transista? Kuna vipuri vichache vya kauri vinavyoitikia mtikisiko, lakini kwa kiasi kidogo mno kuwa na maana kwenye muziki wa ukumbini. Ukiweka kigingi chini yake, unachobadilisha ni urefu wa meza.

Penye mtetemo wa kweli ni kwenye sanduku la spika lenyewe. Spika ikisukuma hewa mbele, inasukuma na mbao nyuma. Mbao zikiimba, unasikia waimbaji wawili, mmoja wa msanii na mmoja wa seremala. BBC walilishughulikia hili kwa vipimo, na mwaka 1977 wahandisi wake Harwood na Mathews walitoa ripoti kuhusu masanduku ya spika. Njia yao ilikuwa kutumia mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka zito la kufyonza mtetemo, badala ya kuongeza unene tu. Hapo udhibiti wa mtetemo ulionekana kwenye mashine na ukasikika kwenye sikio. Masanduku yetu mengi ya kuchonga mtaani hayana hata mbao ya kukaza katikati, skrubu zimelegea, na mlango wa waya mbele unacheza. Koroma nyingine inayolaumiwa amplifaya ni skrubu ya shilingi mia.

Halafu kuna jengo. Kanisa la bati na kuta tupu ni spika ya pili isiyokuwa na kitufe cha kuzima. Sauti inakwenda mita 343 hivi kwa sekunde. Ukumbi ukiwa na urefu wa mita 20, neno la mhubiri linagonga ukuta wa nyuma na kurudi baada ya mita 40, karibu sehemu moja ya kumi na ushee ya sekunde. Kufikia hapo ameshatamka silabi nyingine, na hizo mbili zinapanda juu ya nyingine. Kuongeza sauti hakusaidii hata kidogo, kwa sababu mwangwi nao unaongezeka kwa kiwango kile kile. Kinachosaidia ni maiki kuwa karibu na mdomo, spika ndogo kadhaa karibu na watu badala ya mbili kubwa zilizoelekezwa ukutani, na mapazia mazito nyuma. Kamati ya ujenzi itakwambia mapazia ni urembo. Kwa kweli ni vyombo vya muziki.

Najua mtu ataniambia: mbona kukoroma kwenyewe ni utamu wetu? Ni kweli. Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono N°1 walijitengenezea vinasa sauti kwa sumaku za vipuri vya magari, wakaunganisha likembe na vipaza sauti chakavu, na ule mkwaruzo ukawa ndio muziki wenyewe. Albamu yao ya Congotronics ya mwaka 2004 ilisikilizwa dunia nzima. Hapa nyumbani Wagogo wana ilimba, na wapo wanaobandika utando wa buibui kwenye tundu lake ili sauti ivume. Lakini angalia tofauti. Mingiedi alitaka sauti ile, akaitafuta, akaipanga. Utando umewekwa pale kwa mkono wa mtu anayejua. Mhubiri wa Kasulo hakuomba maneno yake yakatwe vichwa, na mama aliyekaa benchi la nyuma hakuchanga ili asikie nusu ya mahubiri. Upotoshaji wa makusudi ni ala. Usio wa makusudi ni hitilafu, hata ukiuzoea.

Jambo lenye uzito zaidi kwangu ni masikio. Anayejua kwamba sauti inakoroma angeipunguza. Sisi tunaongeza ili kuishinda koroma, na jirani anaongeza ili kutushinda sisi. Wataalamu wa afya kazini wanasema desibeli 85 zinavumilika kwa saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Zikifika 100 umebakiwa na dakika 15. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa kiwango kwa kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15. Sisi wenyewe tuna kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kijana anayeuza vocha mbele ya spika hana dakika 15, ana saa 12. Sikio likishakufa halifufuki kwa fundi yeyote.

Kwa hiyo kabla kamati yoyote haijapitisha kikapu tena, ifanye mambo machache yasiyo na gharama. Ipunguze sauti mpaka koroma ikome, isikilize kama maneno yanafika. Ikaze skrubu na kuongeza mbao ndani ya masanduku. Isogeze spika karibu na watu. Itundike mapazia. Ikiwa bado haitoshi, ndipo iende dukani, iulize RMS na desibeli kwa wati moja, na isikilize mashine mbili bila kuonyeshwa bei. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ameshajibu swali.

Wale waliokuwa wakitega sikio kwenye redio ya betri mwaka 1995 walikuwa wanatafuta jina la ndugu. Hawakuhitaji wati. Walihitaji neno lifike zima.

Naomba kutoa hoja.